Kupima Elimu kwa Haki: Namna ya Kutunga na Kutumia Mtihani wa Jibu Moja



Somo letu safari hii ni juu ya mtihani. Huenda mwenzetu mmoja atasema, "Mtihani ni mambo ya watoto wa shule, sisi tulikwisha maliza." Sivyo. Mfanyakazi hupimwa mpaka siku anapostaafu. Hupimwa anapoomba kazi, anapotaka kupanda daraja, anapotafuta cheti cha ufundi, na hata katika madarasa yetu wenyewe ya elimu ya wafanyakazi. Na kila mtihani una shilingi ndani yake.

Nilimjua fundi mmoja wa kuchomelea vyuma katika sehemu hizi za mpakani. Kwa miaka zaidi ya kumi, mtambo ukivunjika usiku, yeye ndiye aliyeitwa. Siku ya mtihani wa kupandishwa daraja, kiwanda alichofanyia kazi kilimpa karatasi ya maswali thelathini kwa Kiingereza kigumu, mengi yakiuliza majina na tarehe. Hakuna aliyemwomba ashike chombo chake hata dakika moja. Alishindwa. Kijana aliyefaulu alipandishwa, na bomba la kwanza lililopasuka, akaja kumwita mzee yule yule amwonyeshe. Mshahara ukaenda kwa mmoja, kazi ikabaki kwa mwingine.

Simlaumu kijana, kwa maana alijibu alichoulizwa. Lakini jambo lililoniuma zaidi ni sisi wa tawi. Tulipokwenda kuonana na wakubwa tulikuwa na neno moja tu: "Tumeonewa." Wao wakatuonyesha karatasi, alama, na jumla. Sisi hatukuweza kusema mtihani ule ulikuwa na kasoro gani. Neno "tumeonewa" halitoshi mezani. Lazima mtu aweze kuonyesha pale palipopinda. Somo hili ni la kutusaidia kufanya hivyo, na pia kutunga mitihani iliyo bora katika madarasa yetu ya jioni hapa Mukuju na kwingineko.

1. MTIHANI WA JIBU MOJA NI NINI?

Kuna namna mbili kubwa za mtihani wa kuandika. Ya kwanza ni ya maelezo: mtu anaulizwa, naye anaeleza kwa maneno yake. Mtihani huu ni mzuri kwa kupima jinsi mtu anavyopanga mawazo. Ubaya wake ni kwamba wasahihishaji wawili wanaweza kuisoma karatasi moja, huyu akatoa alama 12, yule akatoa 7. Mwandiko mzuri huongeza alama, uchovu wa msahihishaji huzipunguza.

Namna ya pili ndiyo tunayoiita hapa mtihani wa jibu moja. Kila swali lina jibu moja sahihi lililokubaliwa kabla ya mtihani. Ndani yake mna maswali ya kuchagua jibu kati ya kadhaa, maswali ya kweli au si kweli, maswali ya kuoanisha, na maswali ya kujaza neno au namba. Asahihishe Petero au asahihishe Amina, alama ni zile zile.

Mtindo wa kuchagua jibu ulianza kuenea kutoka Marekani. Mwaka 1915 Frederick Kelly wa Kansas alitoa mtihani wa kusoma uliosahihishwa kwa njia hiyo, akitafuta kupunguza upendeleo wa walimu. Mwaka 1917 jeshi la nchi hiyo, lilipoingia vitani, likautumia mtindo huo kuwapima askari wengi kwa muda mfupi. Hapa kwetu, upande wa Kenya, mtihani wa darasa la nane ulioitwa KCPE ulitumia maswali ya kuchagua tangu 1985 mpaka ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Insha tu ndizo zilizoandikwa kwa maelezo. Upande wa Uganda, mtihani wa kumaliza shule ya msingi umekuwa ukimtaka mtoto aandike jibu lake mwenyewe, la maneno machache. Mzazi wa Malaba au Busia mwenye watoto pande zote mbili ameziona njia zote mbili zikiingia nyumbani kwake.

Tuangalie jambo moja hapa. Kisicho na upendeleo katika mtihani wa jibu moja ni usahihishaji. Utungaji bado ni kazi ya binadamu. Mtu ndiye aliyeamua kuuliza hili na kuliacha lile, tena kwa lugha gani. Upendeleo ukizuiwa mlangoni unaweza kuingia dirishani.

2. MFANO WA MIZANI

Wenzetu wa mashamba ya miwa wanaijua mizani vizuri. Mizani inaweza kuwa na makosa mawili tofauti.

Kosa la kwanza: mzigo ule ule unapimwa asubuhi kilo 90, saa sita kilo 97, jioni kilo 85. Mizani hii haina uthabiti. Mtihani usio na uthabiti ni ule ambao mtu mwenye ujuzi ule ule hupata alama hizi leo na zile kesho, kwa sababu maswali ni machache mno, au hayaeleweki, au yanajibiwa kwa kubahatisha.

Kosa la pili: mizani kila siku inapunguza kilo tano. Ni thabiti kabisa, lakini inakuibia. Mizani hii haina uhalali. Mtihani usio na uhalali haupimi kile unachodai kupima. Mtihani wa yule fundi wetu ulidai kupima uchomeleaji, kumbe ulipima Kiingereza. Ungerudiwa mara kumi angeshindwa mara kumi, na bado usingesema lolote juu ya mikono yake.

Wakubwa wanapowaonyesha kwamba alama zilijumlishwa sawasawa, wanajibu juu ya uthabiti. Ninyi ulizeni juu ya uhalali.

3. ANZA NA KAZI, SIYO NA MASWALI

Mtungaji mbaya hukaa chini na kuandika maswali kadiri yanavyomjia. Matokeo yake ni kwamba lililo rahisi kuuliza ndilo linaloulizwa: majina, miaka, maana za maneno. Mtungaji mzuri huandika kwanza: "Mtu aliyejifunza somo hili anapaswa aweze kufanya nini?" Kisha hutengeneza jedwali.

Tuchukue mfano wa darasa la jioni lililofundishwa mambo matatu: usalama kazini, hesabu ya mshahara, na mapatano kati ya chama na mwajiri. Tunataka maswali 20. Tunayagawa hivi:

Usalama kazini: kukumbuka 3, kuelewa 3, kutumia 4. Jumla 10.
Hesabu ya mshahara: kukumbuka 1, kuelewa 1, kutumia 4. Jumla 6.
Mapatano: kukumbuka 2, kuelewa 1, kutumia 1. Jumla 4.

Kwa hiyo kukumbuka ni maswali 6, kuelewa 5, kutumia 9. Usalama umepewa nusu ya maswali kwa sababu ulichukua nusu ya vipindi, na kwa sababu asiyeujua anaweza kupoteza mkono. Jedwali hili ndilo mkataba kati ya mwalimu na mwanafunzi. Likitangazwa mapema, kila mtu anajua atapimwa kwa nini.

4. KUTUNGA SWALI

Swali la kuchagua lina shina, yaani maneno ya kuuliza, na majibu yake, kwa kawaida manne. Moja ni sahihi. Mengine matatu yasiwe ya kuchekesha. Kila moja liwe ni kosa ambalo mtu asiyeelewa angelifanya kweli.

Tazama swali hili baya:

NSSF ni:
A. Mpira
B. Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo mfanyakazi na mwajiri huchangia kila mwezi kwa ajili ya siku za uzeeni
C. Barabara
D. Mto

Hata asiyesoma somo atachagua B, kwa sababu ni refu na mengine ni mzaha. Halafu, kujua jina la hazina hakumlindi mtu. Sasa tazama hili:

Nchini Uganda mfanyakazi huchangia NSSF asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 10. Mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 400,000 kwa mwezi anapaswa kuona shilingi ngapi zimewekwa kwa jina lake?
A. 6,000
B. 20,000
C. 40,000
D. 60,000

Jibu ni D: 20,000 zake na 40,000 za mwajiri. Aliyechagua B amehesabu sehemu yake tu. Aliyechagua C amehesabu ya mwajiri tu. Aliyechagua A ameelewa jambo lakini amepoteza sifuri. Kwa hiyo hata jibu lisilo sahihi linamwambia mwalimu amsaidie nani na wapi. Na anayelipata swali hili ataweza kuikagua akaunti yake mwenyewe na kujua kama pesa zake zilifika.

Kanuni za kushika ni hizi:

(a) Swali moja lipime jambo moja.
(b) Shina lieleweke kabla ya kusoma majibu.
(c) Majibu yalingane kwa urefu, na jibu sahihi lisikae mahali pamoja kila mara.
(d) Epuka "siyo" ndani ya shina. Ukilazimika kulitumia, lipigie mstari.
(e) Katika kweli au si kweli, jihadhari na "daima" na "kamwe". Watu hukisia kwamba sentensi zenye maneno hayo si kweli, nao mara nyingi hupatia.
(f) Katika kuoanisha, safu ya pili iwe na majibu mengi kuliko ya kwanza, ili la mwisho lisijipe lenyewe.
(g) Lugha iwe ile ya kazini. Hapa kwetu mtu huzungumza Ateso au Dhopadhola nyumbani, Kiswahili na wenzake, na Kiingereza ofisini. Kama kazi haihitaji Kiingereza cha vitabu, mtihani wake nao usikihitaji.

Ukimaliza, mpe mwenzako anayeijua kazi aujibu mtihani bila kuona majibu yako. Mkitofautiana kwenye swali, lirekebisheni kabla ya siku ya mtihani.

5. KUBAHATISHA

Mtu aliyefumba macho akachagua tu katika maswali 20 ya kweli au si kweli, kwa wastani atapata 10. Kama alama ya kufaulu ni 10, mtihani huo haujapima kitu. Katika maswali 20 yenye majibu manne kila moja, kwa kubahatisha tu atapata wastani wa 5.

Wengine hutumia hesabu ya kupunguza: chukua yaliyokoswa, gawa kwa idadi ya majibu ukiondoa moja, kisha toa katika yaliyopatikana. Aliyepata 14 na kukosa 6 kwenye maswali ya majibu manne: 6 gawa kwa 3 ni 2, 14 toa 2 ni 12. Ukiitumia, watangazie watu kabla ya mtihani. Lakini kwa darasa letu dawa nzuri zaidi ni kuongeza maswali na kupunguza yale ya kweli au si kweli.

6. BAADA YA MTIHANI, PIMA MASWALI

Hapa ndipo wengi wanapoachia kazi njiani. Alama zikishatangazwa, karatasi zinatupwa. Kumbe karatasi zile zinaweza kutuambia kama maswali yenyewe yalikuwa mazuri.

Tuseme wafanyakazi 30 wamefanya mtihani. Panga karatasi kuanzia alama ya juu hadi ya chini. Chukua 10 za juu na 10 za chini. Kwa kila swali, hesabu waliopata katika kila kundi.

Swali la 7: katika kundi la juu wamepata 8, kundi la chini 3. Jumla 11 kati ya 20, yaani asilimia 55. Si jepesi mno wala si gumu mno. Tena, waliojua somo wamelipata zaidi kuliko wasiolijua. Ni swali zuri, litunze.

Swali la 12: kundi la juu wamepata 4, kundi la chini 7. Jumla nayo ni 11, asilimia 55 vile vile. Ukitazama asilimia peke yake utadhani maswali haya mawili ni sawa. Lakini katika swali la 12 wanaojua wanakosa na wasiojua wanapata! Hapo pana ubovu. Huenda jibu lililoandikwa kwenye karatasi ya msahihishaji ni la makosa. Huenda kuna majibu mawili sahihi. Huenda maneno yana utata, na anayefikiri sana ndiye anayepotea. Swali hilo lifutwe, na alama zihesabiwe upya kwa watu wote.

Kazi hii haihitaji mashine. Yahitaji kalamu, karatasi na nusu siku. Mwajiri aliyewapima watu kwa ajili ya daraja anaweza kuombwa aifanye, na tawi linaweza kuomba kuiona.

7. MAHALI MTIHANI WA KARATASI USIPOFIKA

Mtu anaweza kuchagua jibu sahihi juu ya kuendesha baiskeli na bado akaanguka. Mtihani wa jibu moja hupima vizuri ujuzi wa kichwani: kanuni za usalama, hesabu, kutambua hatari, kusoma mchoro. Haupimi mkono, jicho, wala uvumilivu wa fundi.

Kwa hiyo mtihani wa ufundi, ule ambao wengi huuita tredi testi, wapaswa kuwa na sehemu mbili. Chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya Uganda ya 2008, Idara ya Mafunzo ya Viwandani ilitumia njia hiyo: maswali ya kuandika na kazi ya mikono, na hata mtu aliyejifunzia kazini bila kupita chuoni aliweza kupimwa. Kenya nayo imekuwa na gredi za ufundi, ya tatu ikiwa ya chini na ya kwanza ikiwa ya juu, zenye nadharia na vitendo.

Hata kazi ya mikono yaweza kupimwa bila upendeleo. Badala ya msimamizi kusema "kazi ni nzuri" au "ni mbaya", iwepo orodha: Je, amevaa miwani? Je, amesafisha chuma kabla ya kuchomelea? Je, maungio yanavuja yakijazwa maji? Je, amemaliza katika muda uliowekwa? Kila moja ni ndiyo au hapana, na watazamaji wawe wawili.

Jirani zetu wa Tanzania walitoa mfano mzuri kwa watu wazima. Agosti 1975 walifanya mtihani wa taifa wa kisomo, na watu zaidi ya milioni tatu waliufanya. Waligawanywa katika ngazi nne. Mwanafunzi hakuambiwa tu kwamba amefaulu au ameshindwa. Ngazi za juu zilielezwa kwa mambo anayoweza mtu kuyafanya: kusoma na kuandika ujumbe mfupi, kujumlisha na kutoa, na juu kabisa kusoma gazeti na kuweka hesabu zake. Huo ndio upimaji unaomwambia mtu yuko wapi na hatua inayofuata ni ipi.

8. MASWALI YA TAWI KWA MWAJIRI

Mwakilishi wa wafanyakazi anapoambiwa kuna mtihani wa kupanda daraja, na aulize:

Kwanza, mtihani unapima kazi gani, na orodha yake iko wapi?
Pili, ni lugha gani, na kwa nini hiyo?
Tatu, kuna sehemu ya vitendo? Ina uzito gani?
Nne, alama ya kufaulu ni ipi, na iliamuliwa kabla au baada ya mtihani?
Tano, aliyeshindwa ataonyeshwa karatasi yake, na anaweza kurudia lini?

Jambo hili linagusa zaidi sisi tulio mpakani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka na nchi kutambua sifa za elimu na za kitaaluma za kila mmoja. Cheti kilichopatikana kwa mtihani wa haki kina nguvu ya kuvuka daraja la Malaba pamoja na mwenyewe. Cheti cha mtihani mbovu huanza kutiliwa shaka hapo hapo kilipotolewa.

ZOEZI

Jibu bila kutazama nyuma.

1. Mtihani unatoa alama zile zile kila mara, lakini haupimi kazi husika. Umekosa nini?
A. Uthabiti   B. Uhalali   C. Usahihishaji   D. Ugumu

2. Maswali 40 yana majibu manne kila moja. Anayebahatisha tu atapata wastani wa:
A. 4   B. 8   C. 10   D. 20

3. Kundi la juu la watu 10 wamepata swali 3, la chini watu 10 wamepata 9. Hatua ya kwanza ni:
A. Kulichunguza swali   B. Kulitunza swali   C. Kuwafundisha wa juu   D. Kuwasifu wa chini

4. Saa za ziada siku ya kawaida nchini Uganda hulipwa mara moja na nusu. Mwenye shilingi 2,000 kwa saa akifanya saa 3 za ziada anadai:
A. 3,000   B. 6,000   C. 7,500   D. 9,000

Majibu: 1-B, 2-C, 3-A, 4-D.

Ukikosa la 4, usione haya. Rudi kwenye hesabu, kisha chukua karatasi yako ya mshahara ya mwezi uliopita uikague. Ukikuta pengo, ilete tawini.